Kidole Kilikuwa cha Nani

Busia, upande wa Kenya
14 Juni 1953

Mkwe wangu Benedeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Mzima wewe? Na mumeo Fabiano, kile kifua kilichomsumbua wakati wa mvua kimemwacha? Huku hatujambo, na leo nina habari ya kukufanya uache samaki waungue jikoni. Binti yako Taaka amejifungua mtoto wa kiume. Mama na mtoto wote wazima, Mungu ashukuriwe.

Najua ungekuwa hapa kama si heshima. Kwenu Wasamia, na hata kwetu Wateso, mama hasimami mbele ya mume wa binti yake, sembuse kulala kwenye ua wake. Kwa hiyo nitakueleza kila kitu kama vile ulikuwapo.

Mtoto alilia tangu alipozaliwa, ziwa hataki. Sisi wazee tukasema huyu anataka jina. Kwetu jina hachagui mzazi, mtoto mwenyewe ndiye anayechagua. Pombe ya wimbi ilikuwa imeiva, majirani wakaja na mirija yao mirefu wakazunguka chungu. Mimi bibi nikampakata mtoto, nikachovya kidole kwenye pombe, nikamtia mdomoni huku nikitaja marehemu wetu mmoja mmoja. Lile jina atakalolinyonya ndilo lake.

Nikaanza na Otai, marehemu mume wangu. Akafumba mdomo! Watu wakacheka, jirani akasema, "Mama Luka, mtoto amesikia babu yake alivyokuwa akikoroma!" Nikasema Ojangole, marehemu babu yangu ambaye kaka yangu ana jina lake. Akakunja uso kama amelishwa kwinini. Nikasema Ebong, yule shemeji yangu aliyepelekwa na Waingereza vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, asirudi. Hapo akakamata kidole changu akanyonya, akanyonya, mpaka nikakivuta kwa nguvu. Akina mama wakapiga vigelegele. Saa ile ile akakubali ziwa.

Hata Wabwire, askari kanga wa chifu, alikuwa akipita, tukampa mrija. Alikunywa akasahau kofia yake hapa. Padri atambatiza mtoto mwezi ujao, Yosefu Ebong.

Haya, cheka sasa, kisha uniandikie.

Ni mimi bibi mwenzako,
Asekenye


Majanji
2 Julai 1953

Bibi mwenzangu Asekenye,

Milele na milele, amina. Sisi wazima, kifua cha Fabiano kimetulia ila mdomo wake haujatulia. Barua yako ilinikuta nikipara samaki, nikaisoma na magamba mikononi. Nililia kwa furaha, wenzangu pale ufukoni wakadhani nimefiwa. Fabiano akasema, "Mtoto aliyekataa Otai akakubali pombe, huyo ni wa kwetu kabisa."

Mama Luka, nakushukuru ulivyompokea binti yangu. Siku anaolewa niliogopa. Nilijiuliza, atasikiaje lugha yao, nani atamwonea huruma akiugua. Sasa nalala usingizi.

Jambo moja tu. Wachuuzi wanaotoka huko kwenu wanasema tangu Serikali ya Kenya itangaze hiyo Imajensi, hali ya hatari kwa ajili ya wanaokula viapo vya kuwapiga Wazungu, watu hawakusanyiki ovyo. Hapa Uganda bado hatujaliona hilo. Angalieni. Nimekufungia samaki wakavu, wa Taaka usiwaguse, wako wamo chini!

Mkwe wako anayekupenda,
Benedeta


Busia
23 Agosti 1953

Mkwe wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Uko salama? Mimi sijui nikuambie niko vipi. Wamemchukua Luka.

Ilikuwa siku ya kupura wimbi. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni, na niliporudi nikakuta punje zimetapakaa uani, kuku wanakula, na Taaka ameketi chini na mtoto.

Bomani ameletwa Bwana mpya, Mzungu, katoka huko Mlimani kwenye vita vya viapo. Aliwapanga askari wote akawauliza, nani ameona watu wanakunywa chombo kimoja na kuita wafu? Wabwire akasema yeye ameona. Ndivyo ilivyokuwa, Benedeta. Alikuja kwangu jioni akipangusa machozi. "Mama, aliniuliza nilichoona, nikasema nilichoona. Sikujua." Nikamwambia, "Wewe si ulikunywa pia?" Akasema, "Hilo hakuniuliza."

Nilipompokea mtoto, Taaka aliwafuata mbio mpaka bomani, akasikia dirishani. Mkalimani akauliza, "Ulikula kiapo?" Luka akajibu, "Hapana, bwana, tulimpa mwanangu jina."

"Mlikunywa chungu kimoja?"

"Ndiyo, bwana."

"Mliita wafu?"

"Ndiyo, bwana."

"Nani mwingine hapa amefanyiwa hivyo?"

Na mwanangu, ambaye tangu utoto hajui kupindisha neno, akasema, "Kila Mteso unayemwona, bwana."

Taaka anasema yule Mzungu aliruka kitini kama amekalia siafu.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe. Nikamuuliza karani, kesi itasikilizwa lini? Akacheka. "Mama, kwenye Imajensi hakuna kesi. Bwana akitia sahihi, imekwisha." Padri naye alikwenda akawaambia huyu ni katekista wangu, kila Jumapili ananisaidia. Wakamjibu hata huko Mlimani walikuwa wamebatizwa.

Amepelekwa kambini, safari ya gari kutoka hapa. Ombeni sana.

Asekenye


Majanji
6 Septemba 1953

Mama Luka wangu,

Pole. Pole tena. Sina salamu za kutosha. Tangu barua yako tunasali rozari hapa nyumbani kila jioni, hata Fabiano anapiga magoti, na wewe unamjua Fabiano.

Laiti angevuka mapema akaenda kwa kaka yako kule Kwapa! Mpaka ni kijito tu, ng'ombe wanavuka bila ruhusa ya mtu.

Nisikilize sasa, na usinikasirikie. Mchuuzi mmoja amenieleza mambo ya kambi hizo. Anasema anayekubali kwamba alikula kiapo, akakikana mbele yao, wenyewe wanaita kukitapika, anaandikwa ametakasika, anarudishwa kwake. Anayekataa ndiye anayekaa. Basi mwambie Luka akubali! Aseme nilikula, nimetapika, kwaheri. Mungu anaona moyo, haangalii karatasi za Wazungu. Taaka ana miaka kumi na tisa, Asekenye. Mtoto bado hajakaa mwenyewe. Nani atamlimia?

Mkwe wako mwenye uchungu,
Benedeta


Busia
25 Oktoba 1953

Benedeta,

Hujambo? Watu wako hawajambo? Barua yako niliisoma nikaitupa. Halafu nikaiokota. Ndiyo maana nimechelewa.

Unataka nimwambie mwanangu ajishuhudie uongo? Mimi niliyemfunza amri kumi kwa kuhesabu vidole vyake? Usiku na mchana nimewaza hilo neno lako. Kisha nikamwangalia Taaka anavyolima peke yake, mtoto mgongoni, na nikasema, hata kama ni dhambi, nitaibeba mimi. Nikaenda kambini nimwambie akubali.

Hawakuniruhusu. Langoni wanasema nyumba yetu ni nyumba ya kiapo, mwenye damu ya mfungwa haingii, wala mke wake. Nilikaa pale juani na uji wangu mpaka ukachacha. Askari mmoja akaniambia kwa huruma, "Mama, hata ukikaa mpaka Krismasi."

Ndipo nikakukumbuka wewe. Wewe ni wa Uganda, si damu yake, jina lako hawana. Padri wenu anaweza kukuandikia barua ya njia. Najua ninachokuomba. Najua hujawahi kumtazama Luka usoni, na yeye akikuona njiani huingia majanini. Lakini hakuna mtu mwingine. Nenda, Benedeta. Mwambie mama yake amesema akubali.

Asekenye


Majanji
19 Desemba 1953

Mpendwa Mama Luka,

Bwana awe nawe. Sisi wazima. Nimekwenda.

Padri alinitafutia barua na nafasi kwenye lori. Pale langoni waliisoma, wakanipekua hata kitambaa cha kichwa, wakanipitisha kwenye ua wenye seng'enge. Wakasema simama hapa. Nikajua atatokea upande wa pili, nikageuka, nikampa mgongo. Nikasikia miguu yake inakuja kisha inasimama. Sikuona, lakini nilijua naye amegeuka. Tukasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, katikati waya.

Nikasema, "Mwanangu, habari za hapa?"

Akasema, "Nzuri, mama. Umesumbuka kuja. Taaka mzima? Ebong anakaa?"

Nikamwambia anakaa, anatambaa, ana meno mawili. Nikamsikia anacheka. Asekenye, ni kicheko chembamba, kama cha mtu aliyetoka kuugua.

Askari wakaanza kelele. "Hawa wanafanya nini? Mbona hawatazamani? Hizo ni ishara!" Mmoja akanishika bega. "Mtazame au toka!" Nikamweleza, huyu ni mume wa binti yangu, ni heshima. Akasema, "Heshima ya nani? Hapa heshima ni ya Serikali. Geuka!"

Nikageuka. Mungu anisamehe na wazee wetu wanisamehe, nilimtazama mkwe wangu usoni, na yeye akanitazama, sote wawili tukaona aibu kama tumevuliwa nguo. Amekonda. Jino la mbele halipo. Sikumuuliza, hakuniambia.

Nikampa maneno yako. Mama yako amesema kubali, tapika hicho kiapo, urudi. Akainamisha kichwa. Akasema, "Mama, nilitaka kukubali siku nyingi. Nilisema nitakwenda kuungama kwa Padri baadaye. Lakini kusema nilikula hakutoshi. Wanauliza, aliyekulisha ni nani? Kidole kilikuwa cha nani? Wabwire alikuwa amelewa, hakumbuki. Nisipotaja, wanasema sijatapika. Na nikitaja, mama, nitamtaja nani?"

Kisha akasema, "Usimwambie."

Nimekaa na neno hilo njia nzima, na hapa nyumbani nimekaa nalo. Nilitaka kunyamaza. Lakini wewe unangoja kujua kwa nini mwanao hakubali, unadhani ni kiburi cha dini, na mimi siwezi kukuacha umdhanie hivyo. Anakulinda wewe. Basi. Nimesema.

Usifanye jambo kwa haraka. Tushauriane kwanza. Padri wa Tororo, yule aliyenitafutia barua ya njia, anasema atawaandikia wakubwa.

Benedeta wako


Busia
27 Desemba 1953

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu za Noeli. Umefanya vyema kuniambia. Usijilaumu hata kidogo, nakuapia.

Kesho nakwenda bomani. Nitawaambia kidole ni hiki hapa, mkikate mkitaka, na mwanangu mrudisheni. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi, nimezaa, nimezika mume, nimeona mjukuu. Padri wa Tororo ni mtu mwema lakini barua zake zinakwenda kwa miguu.

Taaka analia, ananishika nguo. Nimemwambia wanawake wazee hawafungwi, watanikemea tu. Ikiwa nitachelewa, mwite Taaka na mtoto huko Majanji. Mtoto mpeni uji wa wimbi, wa muhogo unamfunga tumbo.

Asekenye, mama wa Luka


Majanji
11 Aprili 1954

Mama Luka mpendwa,

Sijui kama barua hii inakufikia hapo gerezani, wala kama wanakupa. Hali yako? Miguu haivimbi? Nimekuandikia mwezi wa pili, sikupata neno. Naandika tena. Anayeifungua kabla yako namsalimu pia, na namwomba aipeleke.

Taaka na Ebong wako hapa kwangu. Askari wa boma walikuja na amri kwamba nyumba ya kiapo ibomolewe. Walibomoa mpaka ghala la wimbi. Wabwire alikuwa miongoni mwao, na Taaka anasema ndiye aliyetoa msalaba ukutani kwanza, akaufunga kwenye nguo, akampa.

Mtoto anaanza kutembea. Anamfuata Fabiano kwenye nyavu, anakaripiwa, anarudi tena. Akiona mwanamume mgeni humwendea kwanza, kisha husimama akamkagua, kisha hurudi. Hatujui anamtafuta nani maana baba yake hamkumbuki.

Habari za Luka hatuna. Nilikwenda tena kambini, wakasema amehamishwa. Wapi? Hawasemi. Padri ameandika mara ya nne au ya tano.

Samahani kwa kuuliza, lakini walikuambia nini ulipokwenda? Walikubali kwamba ni wewe?

Nakuombea kila asubuhi kabla sijashika kisu.

Bibi mwenzako,
Benedeta


Kwapa, kwa kaka yangu Ojangole
5 Septemba 1954

Benedeta, Benedeta wangu!

Tumsifu Yesu Kristo! Ni mimi. Niko nje. Mzima wewe? Taaka mzima? Mjukuu wangu mzima? Barua zako walinipa zote mbili siku ya kutoka, zimefunguliwa. Nilizisoma njiani nikitembea, nikagonga mti.

Nikueleze. Nilipokwenda ile siku, hawakuniamini. Mkalimani akasema, "Bwana anasema mwanamke hawezi kulisha kiapo, nani alikutuma?" Nikasema nimetumwa na ukweli. Wakanifunga kwa kumficha mlisha kiapo. Sijui nilimficha nani ilhali najitaja mwenyewe, lakini ndivyo walivyoandika. Tulipondaponda mawe ya barabara. Mikono imekuwa ya mwanamume, utacheka ukiishika.

Juzi karani akaniita. Akasema, "Mama, nenda nyumbani. Mwanao alikiri. Amesema yeye ndiye aliyelisha watu wote, wewe hukuwamo. Alisema hivyo mwezi wa kwanza, aliposikia umeshikwa." Nikamuuliza, mwezi wa kwanza? Sasa si wa tisa? Akasema karatasi ilipotea kwenye ofisi nyingine. Nikasema basi mwanangu amesema uongo, kidole kilikuwa changu. Akanifukuza. "Usiturudishe nyuma, mama. Toka!"

Niliumia, kwa kuwa sijawahi kumsikia Luka akisema uongo, na wa kwanza amesema kwa ajili yangu. Lakini Benedeta, wewe mwenyewe uliniandikia, anayekubali anarudishwa! Kama alikubali mwezi wa kwanza, basi hata karatasi ikichelewa, yuko njiani. Pengine atafika kabla ya mavuno ya wimbi. Pale kwetu hakuna nyumba, kwa hiyo atakuja kwa mke wake huko kwako, na tafadhali nyinyi wawili msianze tena kukimbiana majanini! Mwambie Taaka amfulie lile shati la kanisani.

Nikipata nguvu ya miguu nakuja. Niandikieni akifika.

Mama wa Luka, bibi wa Ebong,
Asekenye


Majanji
16 Septemba 1954

Mama Luka,

Tumsifu Yesu Kristo. Namshukuru Mungu umetoka, na nauliza hali yako, miguu yako, mikono yako. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama Ojangole yuko karibu, mwite akae nawe.

Luka hatarudi. Amefariki, Asekenye.

Padri wa Tororo alikuja hapa siku chache kabla ya barua yako. Alikuwa amepata habari kwa Padri mwenzake anayesomea Misa huko kwenye ile kambi ya mbali. Anayekubali kwamba alikula anarudishwa, hilo yule mchuuzi alisema kweli. Lakini anayekubali kwamba alilisha wenzake harudishwi. Huyo wanampeleka kwenye kambi kali kuliko zote. Mimi sikulijua hilo, na Luka sidhani alilijua. Au alilijua. Hilo nimeliwaza sana, na sitaki kukudanganya, naona alilijua.

Aliugua tumbo mwezi wa sita. Walimzika huko huko. Barua ya Serikali hatujaiona mpaka leo. Labda waliipeleka kwenye nyumba waliyoibomoa wenyewe.

Kuna jambo jingine, nalo lilinishinda hata kumwambia Fabiano. Waliandika kwamba hana dini, kwa sababu kwao mlisha kiapo hawezi kuwa Mkristo. Kwa hiyo Padri alipokuja kusoma Misa, Luka hakuruhusiwa kusogea. Alikuwa akimwona kwa mbali tu. Alipokufa hawakumwita Padri. Ila wafungwa wenzake wanasema alikuwa akiwaongoza Salamu Maria jioni, na watu ambao hawakuwa Wakatoliki waliitikia, na siku ile walimwimbia kwa sauti ndogo. Padri wetu amemsomea Misa hapa Majanji. Watu walijaa mpaka nje, wavuvi waliacha mitumbwi. Hatuna kaburi, tukaketi ukumbini kwangu tu, juu ya mikeka, kama watu waliopotea njia.

Barua yako ilipofika, Taaka alitaka nimsomee. Nikasoma mpaka kwenye shati, nikaikunja. Akainuka. Akalitoa, akalifua, akalianika. Sikujua nimzuieje.

Usiseme ni kidole chako. Nakujua, hilo ndilo utakalosema. Na mimi nikianza kuhesabu yangu, nilikuambia asiloniruhusu nikuambie, sitamaliza. Hatukumkamata sisi. Hatukumhamisha sisi. Tulimpa mtoto jina, basi, na waliolifanya hilo liwe kosa wamelala leo vitandani mwao.

Njoo hapa. Fabiano atakuja na baiskeli kukuchukua kule Kwapa, sema tu siku. Mtoto anahitaji bibi zake wote wawili, na Taaka hali chakula mpaka mtu akae naye. Mimi pia nakuhitaji. Sijui kulia vizuri mbele ya watu wa huku.

Kama umenikasirikia, niandikie hasira hiyo, nitaipokea. Lakini usinyamaze, Asekenye. Nakuomba unijibu upesi.

Bibi mwenzako,
Benedeta